Mazungumzo ya Nyumbani: Peremende na Kifua cha Mtoto

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za kitu kidogo sana, ambacho mtoto aweza kukifumba mkononi asionekane nacho, nacho ni peremende. Najua wengine watacheka na kusema, "Leo mwalimu amekosa neno la kuandika." Walakini nawasihi msome hata mwisho, kwa maana kwa ajili ya kitu hiki kidogo nusura nimpoteze mtoto wangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Tuanze na jina. Sisi twaita peremende kila kitu kitamu cha sukari cha kumumunya, kiwe cha ndimu, cha tangawizi au cha maziwa. Lakini asili ya neno hili ni peppermint, jina la Kiingereza la mnanaa mkali. Wala si sisi peke yetu tulio hivi. Watu wa Indonesia, ambao zamani walitawaliwa na Waholanzi, huita pipi zote permen, na neno lao limetoka katika pepermunt la Kiholanzi. Basi sisi upande huu wa bahari, na wao upande ule, tumelitwaa jina la jani moja tukalipa pipi zote.

Mnanaa wenyewe si mgeni kwetu. Watu wa pwani huutia katika chai, na harufu yake hujaa nyumba nzima. Una jamaa nyingi, lakini ule mkali utumiwao katika peremende ni chotara, umezaliwa na mnanaa wa majini na mnanaa wa bustani. Kwa kuwa ni chotara, karibu hauna mbegu zifaazo. Mkulima hupanda vipande vya mashina yake yatambaayo. Katika karne ya 18 Waingereza waliulima sana huko Mitcham, kusini mwa London. Siku hizi mashamba makubwa ya mnanaa mkali yako Marekani, katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho. Wahindi nao hulima jamaa yake mwingine, na nchi yao ndiyo itoayo mentoli ya mmea kwa wingi kupita nchi zote. Mentoli ndiyo kiini cha ubaridi wa mnanaa. Majani hupitishiwa mvuke wa moto. Mvuke ukipozwa huwa maji, na mafuta ya mnanaa huelea juu yake. Mafuta hayo yana nguvu nyingi, na matone machache yatosha kutia ladha sukari nyingi.

Jinsi za peremende za mnanaa ni nyingi, lakini ukiangalia namna zinavyotengenezwa, waweza kuzigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni zile za kuvutwa. Mfano wake mzuri uko Sweden, katika mji mdogo wa Gränna. Huko alikuwako mjane aitwaye Amalia Eriksson, aliyezaliwa mwaka 1824. Mumewe, mshona nguo, alifariki akamwachia binti mchanga. Siku zile mwanamke hakuweza kufungua biashara kwa kupenda tu. Basi mwaka 1859 aliomba ruhusa kwa wakubwa wa mji, akapewa. Alichemsha sukari na maji na siki kidogo, akatia mafuta ya mnanaa, akauvuta mkate ule wa sukari tena na tena ukiwa ungali moto, hata ukaingia hewa na kuwa mweupe. Kisha akauzungushia mistari myekundu, akausokota na kuukata vijiti. Vijiti hivyo huitwa polkagris. Mama huyu alifariki mwaka 1923, naye alikuwa amemlea binti yake kwa kazi ya mikono yake. Sanamu yake imesimama Gränna, na watu wa mji ule wangali wakitengeneza pipi zake.

Fungu la pili ni zile za kushindiliwa. Hizi hazipikwi. Sukari husagwa ikawa unga laini, ikachanganywa na kitu cha kuigandamanisha na mafuta ya mnanaa, kisha mashine huishindilia kwa nguvu ikawa tembe, kama vidonge vya hospitali. Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, Clarence Crane wa mji wa Cleveland, aliona kwamba chokoleti yake haiuziki vizuri wakati wa joto kwa sababu ya kuyeyuka. Akatafuta pipi isiyoogopa jua, akatengenezesha tembe za mnanaa kwa mashine ya kushindilia vidonge vya dawa, zikiwa na tundu katikati. Akaziita Life Savers, maana yake Waokoaji, kwa sababu zilifanana na maboya ya duara wanayotupiwa watu wanaozama. Mwaka uliofuata aliiuza biashara ile kwa dola 2,900 tu, naye aliyeinunua, Edward Noble, akazifunga tembe katika karatasi ya bati ili harufu isipotee, akapata mali nyingi. Huko Uingereza nako, kampuni ya Rowntree ya mji wa York ilitoa tembe yake yenye tundu mwaka 1948, iitwayo Polo.

Fungu la tatu ni zile za sukari iliyochemshwa na kukorogwa hata ikaganda kwa chembechembe. Katika mji wa Kendal, kaskazini ya Uingereza, Joseph Wiper alianza kuitengeneza mwaka 1869. Yasemwa alikuwa akipika pipi angavu kama kioo, mchanganyiko ukamharibikia, ukawa mweupe na wa kuvunjika; alipouonja akaona ni mzuri. Wapanda milima waliipenda pipi hii kwa sababu ni nyepesi kubeba na sukari yake hutia nguvu upesi. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest, tarehe 29 Mei 1953, walikula pipi hiyo ya Kendal huko juu.

Fungu la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni zile zilizotoka mikononi mwa watu wa dawa. London kulikuwa na tembe zilizoitwa Altoids, zilizouzwa kwa watu wenye kusumbuliwa na tumbo. Na katika bandari ya Fleetwood, pwani ya Lancashire, mwaka 1865, muuza dawa James Lofthouse aliwatengenezea wavuvi maji ya mentoli na mkaratusi, kwa ajili ya vifua vyao vilivyoumizwa na baridi ya bahari kuu. Chupa zikavunjika kwa mawimbi, basi akaifanya dawa ile kuwa tembe. Wavuvi wakaiita rafiki yao, na hata leo jina lake ni Fisherman's Friend, yaani Rafiki wa Mvuvi. Kwa njia hii pipi na dawa zikafanana sura na harufu, hata mtu asiweze kuzitenga. Katika maduka yetu pia iko pipi tuiitayo pipi kifua. Angalieni jina hilo: mtu akilisikia, atadhani aliyeipika alikuwa daktari.

Sasa nitawaeleza kosa langu.

Ilikuwa wakati wa masika. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao kumwuguza mama yake, nami nimebaki na watoto. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka minne, akaanza kukohoa. Nikaenda dukani nikanunua pipi kifua tano, nikampa moja. Akaimumunya kitambo, akavuta pumzi kwa kinywa wazi, akaniambia, "Baba, kifua kimefunguka." Nikafurahi sana. Kila alipokohoa nilimpa nyingine, na kila nilipompa aliniambia maneno yale yale. Siku ya pili nikanunua tena. Mtoto hakutaka uji, lakini pipi hakuikataa hata mara moja, nami nikaliona jambo hilo kuwa dalili njema.

Siku ya tatu, jioni, mke wangu akarudi. Hakuketi. Alimpandisha mtoto shati, akautazama ubavu wake karibu na taa, akaniuliza, "Baba watoto, umeziona mbavu hizi?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri. Tangu mchana amekwisha kula tatu, na kila mara asema amefunguka." Hakunijibu neno. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akachukua kurunzi, nami nikamfuata.

Kituoni muuguzi aliinua saa yake, akatazama kifua cha mtoto kwa dakika nzima, tusithubutu kusema. Alihesabu pumzi 52. Kila mtoto alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani badala ya kuinuka. Ilikuwa nimonia. Wakati wanamtayarishia dawa, muuguzi akaniuliza, "Mmempa nini nyumbani?" Nikatia mkono mfukoni nikatoa makaratasi ya pipi. Akalichukua moja akanirudishia, akasema, "Mwalimu, soma." Nikasoma: sukari, glukosi, mentoli, rangi. Ndugu zangu, mimi nafundisha watu kusoma kwa miaka mingi, lakini karatasi ile niliifungua zaidi ya mara kumi nisiisome hata mara moja.

Mtoto alipona, twashukuru. Alilala huko siku nne, akapewa dawa ya kuua vijidudu, na siku ya tano akaomba uji. Lakini neno lile, "Baba, kifua kimefunguka," lilinikaa moyoni. Mwanangu hakunidanganya, yeye alisema alivyosikia. Basi ni nani aliyetudanganya sote wawili? Nikatafuta kujua, na niliyoyapata ni haya.

Ubaridi wa mnanaa si baridi. Ukipima joto la kinywa cha mtu anayemumunya peremende, hutaona limeshuka. Ila katika ngozi na kinywa mna mishipa ya fahamu yenye vipokezi vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kuupa ubongo habari ya baridi. Mentoli hukigusa kipokezi hicho, nacho hupeleka habari ile ile ambayo kingepeleka upepo wa alfajiri. Wataalamu wawili, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa kazi yake, walitumia mentoli kukitambua kipokezi hicho mwaka 2002, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya hisia za joto, baridi na mguso. Pua nayo ni hivyo hivyo. Watu wenye mafua walipovutishwa mentoli walisema pua zimezibuka, lakini hewa ilipopimwa kwa chombo, ilionekana yapita kwa kiasi kile kile cha kwanza. Basi mnanaa wabisha hodi kwa sauti ya baridi, nasi twafungua mlango tukidhani hewa mpya imeingia.

Sisemi kwamba mnanaa hauna faida. Mafuta yake yakitiwa katika vidonge maalum husaidia watu wazima wenye msokoto wa matumbo, na kumumunya pipi hulainisha koo lililokauka, maana mate huongezeka. Lakini kulainisha koo ni jambo moja, na kuponya pafu ni jambo jingine. Hatari ya pipi kifua si sumu iliyomo ndani yake, bali ni siku inazotupotezea. Mtoto hutulia kidogo, mzazi hutulia sana, na ugonjwa wenyewe hautulii.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, nawaomba mshike maneno haya machache.

Kwanza, mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akivuta pumzi mara 40 au zaidi, mpeleke kwa mganga wa zahanati. Mtoto wa miezi 2 hata asiyetimiza mwaka, kiasi chake ni mara 50. Na mchanga asiyetimiza miezi 2, ni mara 60. Ukiona kifua chabonyea ndani, au mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea asiamke vizuri, usihesabu tena, ondoka saa ile ile, ijapokuwa ni usiku.

Pili, kikohozi kidogo cha mafua chaweza kutulizwa nyumbani kwa maji ya uvuguvugu, na asali kidogo kwa mtoto aliyepita mwaka 1. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Tatu, usimpake mtoto mchanga mafuta makali ya mentoli puani wala karibu na pua. Kwa mtu mzima huburudisha, lakini kwa mchanga yaweza kuibana njia ya hewa.

Nne, mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe pipi ngumu, kwa maana yaweza kuteleza ikamziba koo. Wako wanaosema kwamba tembe zenye tundu hazina hatari, kwa kuwa hewa itapita katika tundu. Msilitegemee tundu hilo. Halikutobolewa kwa ajili ya kuokoa watoto, ijapokuwa jina ni Waokoaji. Hata wakubwa, wasikimbie wala kucheza na pipi kinywani. Nami nakiri kwamba mwanangu, kwa umri wake ule, alikuwa amefika mpakani tu.

Tano, ni habari ya meno. Wengi wadhani kwamba kwa kuwa dawa ya meno ina harufu ya mnanaa, basi pipi ya mnanaa husafisha kinywa. Sivyo. Harufu ni moja, kazi ni mbalimbali. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hulila jino. Tena kinachodhuru zaidi si wingi wa pipi, bali ni mara nyingi za kula. Mtoto anayemumunya moja moja tangu asubuhi hata jioni hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Afadhali azile pamoja na chakula, na alale akiwa amepiga mswaki.

Walimu wenzangu, nasi tunalo letu. Katika makanisa ya Uholanzi iko desturi ya zamani ya watu kumumunya peremende wakati wa mahubiri, na familia hupitishiana kimya kimya katika viti. Siwalaumu, kwa kuwa mahubiri mengine ni marefu, na mimi mwenyewe nimeyatoa ya namna hiyo. Lakini darasani kwetu, mtoto anayekohoa akipewa pipi ili anyamaze, sisi tumepata kimya, yeye hakupata kitu. Mwulizeni tangu lini anakohoa, kisha tumeni mtu kwao.

Mnajua kwamba mnanaa umetajwa katika Injili. Katika Mathayo sura ya 23, Bwana wetu aliwakemea wale waliotoa zaka ya mnanaa kwa uangalifu mkubwa, huku wakiyaacha mambo yaliyo mazito. Zamani nilikisoma kifungu hicho nikiwafikiria Mafarisayo peke yao. Tangu usiku ule hukumbuka makaratasi yale mfukoni mwangu. Nilihesabu pipi vizuri sana, ngapi zimeliwa na ngapi zimesalia, lakini pumzi za mwanangu sikuzihesabu.

Basi tusizichukie peremende. Yule mjane wa Gränna alimlea binti yake kwa kuziuza, naye aliziuza kuwa pipi. Siku ya furaha mpe mtoto wako moja, afurahi nayo. Siku ya ugonjwa mtazame kifua.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, msomeeni kwa sauti jirani asiyejua kusoma, hasa yale ya kuhesabu pumzi. Na kila mwenye mtoto mdogo ajaribu kuhesabu usiku huu huu, mtoto akiwa mzima na amelala, ili siku ya shida mkono na jicho visiwe vigeni.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za maji ya kunywa na mitungi yetu. Salamu kwa wote walio nyumbani.